Hati za uvumbuzi zisiizuie Lubumbashi kupima hewa yake

Umeme wa SNEL ukikatika jioni, mtaa wa Golf unajitangaza kwa sauti. Jenereta zinawaka nyuma ya kuta ndefu, moja baada ya nyingine, na moshi wake unavuka ukuta hadi kwa jirani. Nyuma ya nyumba sentineli amekwisha kuwasha mbabula ya makala. Na kuna siku ambapo upepo unaleta kitu kingine, kile kinachowasha koo na ambacho wazee wa Lubumbashi wanakitambua bila kuuliza: salfa ya viwanda. Mji huu ulizaliwa pamoja na moshi. Union Minière iliwasha tanuru ya kuyeyusha shaba hapa mwaka wa 1911. Udongo wa Penga Penga, upande ambako upepo ulipeleka moshi wa bomba kubwa la Gécamines, umechunguzwa sana na watafiti wa chuo kikuu kwa sababu ya shaba na metali nyingine zilizouangukia miaka na miaka.

Kinachokosekana ni namba. Katika mwongozo wake wa 2021, Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri dioksidi ya salfa isizidi mikrogramu 40 katika mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 24. Mama wa Golf-Météo ambaye mtoto wake anakohoa usiku hana njia ya kujua kama hewa ya chumba chake iko chini ya 40 au imefika 400. Sehemu yake ya mtaa imebeba jina la kazi ya kupima hali ya hewa, lakini hewa anayoivuta haimpi habari yoyote. Ni vilevile Katuba, ni vilevile Kenya. Novemba 2025, maji ya bwawa la uchafu la kampuni CDM yalipomwagika ndani ya mitaa na waziri wa migodi akasimamisha kazi za kampuni hiyo, angalau kila mtu aliyaona maji hayo kwa macho yake. Gesi haionekani. Bila chombo cha kuipima, mkaaji hana hata cha kulalamikia.

Kila mara jambo hili linapozungumzwa, jibu moja linarudi: vyombo hivyo ni vya wazungu na Wachina, ni ghali, na vimefungwa kwa brevet. Kwamba ni ghali, hilo lina ukweli, hasa vile vya viwango vya juu. Lakini habari ya brevet, yaani hati ya uvumbuzi, inastahili kutazamwa kwa karibu, maana wengi wanaogopa mlango ambao hawajajaribu hata kuusukuma.

Kipimagesi cha kielektrokemia ni kitu kidogo, mara nyingi karibu sawa na kifuniko cha chupa. Ndani yake kuna elektrodi zenye unga wa metali ya thamani, kama platini au dhahabu, na kati yao kuna asidi, mara nyingi asidi ya salfa. Gesi inaingia kwa tundu jembamba, inagusa elektrodi, elektroni zinahama, na mkondo mdogo wa umeme unapita. Gesi ikiongezeka, mkondo unaongezeka. Asidi hiyo ni ileile ambayo viwanda vya Katanga vinaitumia kwa wingi kuyeyusha madini ya shaba na kobalti, na ambayo kiwanda kinaweza kuitengeneza kwa kukamata moshi wa salfa badala ya kuuachilia juu ya vichwa vya watu.

Mafundi wa garaji wa Lubumbashi wanamjua ndugu wa chombo hiki. Ni sonda lambda, kile kijiti kilichofungwa kwenye bomba la moshi la gari, ambacho wengi wanakitoa kikiharibika na kuziba tundu lake kwa boliti. Bosch ilianza kukiuza mwaka wa 1976, kwenye magari ya Volvo. Ndani yake hamna asidi, kuna keramiki ya zirkonia ambayo, ikiwa na joto kali, inapitisha oksijeni.

Na hapo ndipo ugomvi wa hati unapoanzia. Mwanakemia Mjerumani Walther Nernst alikwisha kuonyesha, mwishoni mwa karne ya 19, kwamba zirkonia iliyochanganywa na oksidi nyingine inapitisha umeme ikipashwa moto. Alitengeneza hata taa kwa njia hiyo. Mtu akija zaidi ya miaka 70 baadaye akaitumia zirkonia kupima oksijeni ndani ya moshi wa gari, amevumbua nini? Si zirkonia. Si tabia yake ya kupitisha oksijeni pia, kwani tabia hiyo ilikuwamo kabla Bosch haijazaliwa, na sheria za nchi nyingi zinakataa kumpa mtu hati kwa kugundua tu tabia ya kitu. Anachoweza kudai ni namna alivyoipanga: umbo lake, tabaka za platini alizozipaka juu yake, jinsi anavyoikinga na risasi ya petroli. Madai yakipanuka kuliko hapo, washindani wanakwenda mahakamani.

Mfano mwingine unagusa udongo wa Kongo moja kwa moja. Mwaka wa 1962, Mjapani Naoyoshi Taguchi aliomba hati kwa ajili ya chombo cha kugundua gesi ya kupikia inayovuja, kilichotengenezwa kwa oksidi ya bati. Bati, ile ya Manono na ya Walikale. Oksidi yake ilijulikana zamani. Kupya kulikuwa kuitumia kama pua. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa kampuni Figaro mwaka wa 1969. Hati ile imekwisha muda wake zamani, na leo vipimagesi vya namna hiyo vinauzwa kwa dola chache tu, hata na watu wasiolijua jina la Taguchi. Mwisho wa hati ni jambo ambalo wanaoogopa brevet wanalisahau: karibu kila mahali inadumu miaka 20, kisha kitu kinakuwa cha wote.

Je, kitu cha zamani kikipata kazi mpya, kinastahili hati? Ofisi ya Hati za Uvumbuzi ya Ulaya ilijibu swali hilo mwaka wa 1989 katika kesi ya Mobil, iliyohusu dawa ya kutia katika mafuta ya mashine. Baraza lake kuu la rufani lilisema ndiyo, kama matumizi hayo mapya yanatoa matokeo ya kiufundi ambayo watu hawakuwa wameyajua. Kwa wanaotengeneza malighafi za vipimagesi jibu hilo ni muhimu mno, kwa sababu karibu kila oksidi wanayoijaribu, ikiwemo ya kobalti, tayari imeandikwa mahali fulani ndani ya vitabu vya kemia. Marekani, Mahakama Kuu iliweka breki upande wake mwaka wa 2007, katika kesi ya KSR na Teleflex. Aliyekuwa na hati alichukua pedali ya gari inayorekebishika na kuifunga sensa ya elektroniki. Majaji wote walikubaliana: kuunganisha vitu viwili vinavyojulikana, kwa namna ambayo fundi yeyote mwenye akili angeweza kuifikiria, hakutoshi.

Lakini kesi inayofundisha zaidi haikuhusu gesi, ilihusu damu, ingawa chombo chenyewe kinafanya kazi kwa elektrokemia vilevile. Ni kesi ya Therasense, kampuni ya kundi la Abbott, dhidi ya Becton Dickinson. Abbott ilikuwa na hati juu ya kijiti cha kupima sukari ya damu kisicho na ngozi ya kukinga elektrodi. Tatizo lilikuwa hati ya zamani zaidi ya nyumba hiyohiyo, iliyosema kwamba ngozi hiyo ni ya hiari, ingawa ni vizuri kuiweka kwa damu hai. Ikiwa ngozi ilikuwa ya hiari tangu zamani, basi kuiondoa si uvumbuzi. Mbele ya ofisi ya Marekani, upande wa Abbott ulieleza kwamba mtaalamu akisoma maneno yale angeelewa kuwa ngozi inahitajika. Miaka michache kabla, mbele ya ofisi ya Ulaya, uliandika kinyume: kwamba maneno ni wazi, ngozi si ya lazima. Maneno yale ya Ulaya ofisi ya Marekani haikuonyeshwa.

Mwaka wa 2008 jaji wa California aliona udanganyifu, akaamua hati ile haiwezi kutumiwa dhidi ya mtu yeyote. Aliona pia kwamba kilichodaiwa kilikuwa wazi kwa kila mtaalamu. Mei 2011 mahakama ya rufani, majaji wake wote wakiwa pamoja, ilifanya udanganyifu uwe mgumu zaidi kuthibitishwa, ikairudisha kesi chini. Mwaka wa 2012 jaji yuleyule akaona udanganyifu tena, hata kwa kipimo kile kigumu. Miaka ya mashauri, mawakili wa bei ya juu, na yote kwa sababu ya sentensi moja kuhusu ngozi nyembamba kuliko karatasi.

Sasa msomaji ajiulize: maombi ya namna hiyo yakifika Kinshasa, nani atayaona?

Kongo inaongozwa hadi leo na sheria n° 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982, sheria ya wakati wa Zaire. Kwa maandishi ni nzuri. Inataka uvumbuzi uwe mpya, utokane na akili ya kuvumbua, na uweze kutumiwa kiwandani au katika biashara. Ila hati inatolewa bila mtu kuchunguza kwa kina kama masharti hayo yametimizwa. Ofisi inatazama karatasi, malipo, michoro; kama kitu ni kipya kweli, hilo litasemwa na jaji, siku mtu atakapopeleka ugomvi mbele yake. Mwaka wa 1982, wakati Gécamines ikiwa bado mfalme na vyombo vyote vikinunuliwa na ofisi moja, labda haikuumiza. Leo inaweza kuumiza. Mfanyabiashara anaweza kuandikisha Kinshasa kipimagesi ambacho dunia inakijua tangu miaka ya 1970, kisha akamtumia barua ya kutisha kijana wa Golf anayekitengeneza katika garaji ya baba yake. Kijana atakuwa na haki. Lakini ili aipate itabidi alipe wakili, alete wataalamu, asubiri. Wengi wataacha.

Majirani wamechagua njia nyingine. Zambia, Tanzania, Uganda na Rwanda ni wanachama wa ARIPO yenye makao Harare, ambako maombi yanachunguzwa kabla ya hati kutolewa. Kongo-Brazzaville iko ndani ya OAPI ya Yaoundé. Kinshasa haiko huku wala kule. Kukaa nje peke yake si dhambi, kwa sharti kwamba mtu aliyekaa nje awe na nyumba yake mwenyewe. Nchi yenye chuo kikuu Lubumbashi, chenye kitivo cha Polytechnique na maprofesa wa kemia na wa metali, inaweza kabisa kuwaomba wataalamu hao maoni kabla ya kumpa mtu miaka 20 ya kumiliki oksidi ya kobalti. Kama hilo ni zito, basi angalau ombi litangazwe miezi kadhaa, na yeyote aruhusiwe kulipinga bila kwenda mahakamani. Wabunge wa Haut-Katanga wanaosema kila siku juu ya kuongeza thamani ya madini nchini wangeanza na mlango huu, usiohitaji mwekezaji hata mmoja.

Kuna upande mwingine, wa furaha zaidi, ambao hausemwi. Hati ya uvumbuzi haina nguvu nje ya nchi iliyoitoa. Mkataba wa Paris, ambao Zaire iliuingia mwaka wa 1975, unasema wazi kwamba hati ya nchi moja haitegemei ya nchi nyingine. Hati ya Marekani juu ya elektrodi fulani ya dhahabu haimzuii mtu wa Lubumbashi kuitengeneza hapa na kuiuza hapa, mradi mwenyewe hakuiandikisha Kinshasa, iwe kama hati ya kawaida au kama ile ya kuingizwa kutoka nje ambayo sheria ya 1982 inaijua. Kuipeleka Marekani, hapana. Kuitundika ukutani shuleni Golf, ndiyo. Zaidi ya hayo, aliyepewa hati alilazimika kueleza kazi yake kiasi cha fundi kuweza kuirudia. Huo ndio mkataba kati yake na jamii. Maelezo hayo yako kwenye intaneti bure, mamilioni ya kurasa, katika maktaba za Espacenet na ya shirika la WIPO la Geneva. Ni darasa lisilo na minervali, na benchi zake karibu zote ziko tupu upande wa Kongo.

Anayefikiri kwamba mabishano haya ya malighafi ni mambo ya mbali akumbuke kilichopata kobalti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, pamoja na John Goodenough, waliomba hati katika miaka ya 1990 juu ya fosfati ya chuma na lithiamu kwa ajili ya betri. Ugomvi juu ya hati hizo ulizunguka kutoka Japani hadi Kanada. Desemba 2008 ofisi ya Ulaya ilifuta hati kuu ya upande wake. Betri hiyo haina hata gramu moja ya kobalti. Leo inasukuma magari mengi ya China, na Kongo, inayotoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, ilijikuta Februari 2025 inasimamisha kuuza nje kwa sababu bei imeanguka. Betri hiyo haikuwa sababu peke yake. Madini yalikuwa yamefurika sokoni pia. Lakini ni vigumu kukumbuka siku ambapo redio moja ya Lubumbashi ilieleza kile kilichokuwa kinaamuliwa Munich.

Inabaki habari ya wavumbuzi wa hapa wenyewe, na hapo hatari kubwa inatoka nyumbani. Vipimagesi vinavyonunuliwa Ulaya vimetengenezwa kwa hewa ya Ulaya. Wakati wa kiangazi cha Katanga, kuanzia Mei hadi Septemba, hewa inakauka, vumbi linajaa, na asidi ndani ya chombo inapoteza maji. Namba zinaanza kudanganya. Chombo cha salfa kinaweza pia kuchanganya gesi na kujibu moshi wa jenereta kana kwamba ni wa kiwanda. Mwanafunzi atakayepata njia ya kuzuia mambo hayo, kwa mfano chujio linaloacha salfa ipite na kukamata gesi nyingine, amefanya kazi yenye thamani hapa, Kolwezi, Zambia na hata Chile. Je, atapata hati? Akiongeza maji tu ndani ya asidi, hapana. Fundi yeyote angefikiria hivyo. Akionyesha kwamba malighafi yake inatoa matokeo ambayo hakuna aliyeyategemea, na akileta vipimo, ndiyo, anaweza.

Isipokuwa kwamba kwa kawaida atakuwa amekwisha kujiharibia. Kazi ya kumaliza masomo inatetewa hadharani, familia inapiga picha, jedwali la matokeo linawekwa Facebook siku hiyohiyo. Kwa sheria ya Ulaya, kitu kilichokwisha kuonyeshwa kwa watu, hata na mvumbuzi mwenyewe, hata jana yake, si kipya tena. Marekani inampa mwaka mmoja wa kusamehewa, Ulaya haimpi. Promota wa kazi anayeacha mwanafunzi wake atetee bila kumwuliza kwanza kama kuna kitu cha kuandikisha anamnyima urithi, hata kama anafanya hivyo kwa moyo mweupe. Akiandikisha Kinshasa kabla ya utetezi, mkataba wa Paris unampa miezi 12 ya kutafuta fedha na kuomba katika nchi nyingine, na tarehe yake ya kwanza ikahesabiwa.

Katiba imeweka mambo haya mawili ndani ya kitabu kimoja: ibara ya 46 inalinda uhuru wa utafiti na mali ya akili, ibara ya 53 inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya. Pesa nazo zina mahali pa kutoka. Tangu marekebisho ya 2018, sheria ya migodi inalazimisha makampuni kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Watu wanajenga kwa fedha hizo visima na madarasa, na ni vema. Vipimagesi kumi na fundi wa kuvisawazisha kila baada ya miezi michache ni gharama ndogo mno pembeni ya darasa moja.

Serikali ya jimbo haihitaji kungoja Bunge kwa jambo hilo. Chumba kimoja Polytechnique, intaneti isiyokatika, watu wawili wenye kujua kemia na Kiingereza wa kusoma hati za wengine na kuwaambia vijana ni zipi zimekwisha muda, ni zipi hazikuandikishwa Kinshasa, na ni zipi za kuheshimu. Kituo cha kwanza cha kupima kiwekwe Penga Penga, cha pili Katuba, cha tatu Golf-Météo, na namba zake zisomwe redioni kila asubuhi pamoja na bei ya dola, kabla ya kiangazi kijacho kuanza.